Kiondo Hakijisuki: Ususi wa Mikono, Riziki ya Familia na Haki ya Mama



Wapendwa wanaparokia, nanyi mafrateri wenzetu, somo letu safari hii linahusu kazi ambayo wengi wetu tumeiona tangu utotoni bila kuihesabu kuwa kazi. Katika njia za Machakos, Kitui na Makueni, mama anakwenda sokoni akiwa na kiondo ambacho hakijakamilika. Kinaning'inia mbele yake, nyuzi zimeshuka kama ndevu, na vidole vyake vinapishanisha uzi na uzi bila yeye kuangalia. Anazungumza na mwenzake, anaitikia salamu, anamfukuza mbuzi aliyeingia shambani kwa watu. Ukimwuliza anafanya nini, atakuambia anakwenda sokoni. Hatasema yuko kazini.

Hapo ndipo tunapotaka kuanzia. Kazi isiyoitwa kazi, hata mwenye kuifanya haipigii hesabu, na kazi isiyopigiwa hesabu hulipwa kama hisani. Tutaangalia kiondo kinavyotengenezwa, fedha yake inakokwenda, na wanawake wenyewe walichofanya kuirudisha mikononi mwao. Mwishoni tutasema neno kwa ajili ya parokia.

Kiondo kinavyozaliwa

Wakamba hukiita kyondo, vikiwa vingi syondo. Wakikuyu husema kĩondo na ciondo. Kazi yake ya zamani ilikuwa kubebea mahindi, maharage, viazi na mboga, mkanda ukipita kwenye paji la uso na mzigo ukilala mgongoni. Kilikuwa chombo cha nyumbani kama chungu na kinu, na binti alijifunza kukisuka kwa kukaa karibu na mama au nyanya yake.

Zamani nyuzi zilitoka kwenye magome ya mbuyu na vichaka vya porini. Mkonge tunaouona leo ni mgeni. Asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai katika pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache mkonge ulienea katika mashamba makubwa ya Tanganyika na Kenya, kisha ukafika kwa mkulima mdogo, ambaye huupanda mpakani mwa shamba lake uwe ua. Wakoloni waliuleta kwa ajili ya kamba za meli na magunia. Wanawake waliona uzi, wakauchukua. Hatujasikia kwamba kulikuwa na semina ya kuwafundisha.

Jani la mkonge hukatwa, hutolewa miiba, hupasuliwa na kuparwa kwa kisu butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Maji yake huwasha ngozi, na anayepara kwa mara ya kwanza hulala akijikuna. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, kisha zile zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa katika sufuria kuukuu. Siku hizi wengi hutumia rangi ya dukani. Wengine hununua sweta la mitumba, wakalifumua na kupata uzi wa rangi tayari.

Halafu huja kusokota. Msusi huketi chini, hunyosha mguu, huweka mafungu mawili ya nyuzi juu ya paja na kuyaviringisha kwa kiganja mpaka yashikane kuwa uzi mmoja mrefu. Kiondo kimoja kinahitaji mita nyingi sana za uzi huo. Hii ndiyo hatua inayokula muda kuliko zote, na ndiyo asiyoiona kabisa mnunuzi. Paja huchubuka, mgongo huuma, na hata ukisokota siku nzima, jioni huna kiondo cha kumwonyesha mtu; una donge la uzi.

Kusuka kwenyewe huanzia kwenye kitako. Nyuzi za kusimama hupishanishwa katikati, kisha nyuzi mbili nyembamba huanza kuzunguka, moja ikipita mbele na nyingine nyuma, zikibadilishana nafasi kati ya kila uzi uliosimama. Kadiri kitako kinavyopanuka ndivyo nyuzi nyingine za kusimama zinavyoongezwa, la sivyo kiondo kitajikunja kama ua lililokosa maji. Hakuna kitanda cha mfumaji, hakuna sindano, hakuna karatasi yenye mchoro. Milia yote iko kichwani, na ikikosewa hesabu katika mzunguko mmoja, mkosi huo utaonekana mpaka ukingoni. Sisi tunaokaa darasani muhula mzima tukijifunza mantiki tungefaidika kuketi saa moja karibu na msusi anayeongeza nyuzi za kitako.

Kitambaa kilikufa, kikapu kikabaki

Pengine msomaji atauliza: kwa nini tunazungumza juu ya vikapu, na si vitambaa vya kufumwa kwa mkono kama vile vya Afrika Magharibi? Jibu ni kwamba navyo tulikuwa navyo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta Kilwa vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilikuwa vizito vya kusokotea pamba. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika juu ya nguo zilizofumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Bara nako, katika nchi ya Unyamwezi na Ufipa, walikuwako wafumaji wa pamba.

Kilichotokea tunakijua kwa jina lake: merikani. Mnamo 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na vitambaa vya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts vikaanza kumiminika Unguja. Jina la nchi likawa jina la kitambaa. Kilikuwa imara na bei yake nafuu, na misafara ilikibeba mpaka Tabora na Ujiji. Mfumaji wa kienyeji, aliyehitaji siku nyingi kwa kipande kimoja, hakuweza kushindana. Hatuna haja ya kumlaumu aliyenunua merikani. Naye alikuwa na watoto wa kuvika. Lakini ufundi uliokuwa ukilisha nyumba ulipotea, na haukurudi.

Ususi wa vikapu na mikeka ulinusurika. Kwa muda mrefu hakukuwa na meli iliyoleta vikapu vya bei rahisi, na malighafi yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Pwani wanawake wameendelea kuchana miyaa na ukindu, wakasuka ukili na kuushona uwe mkeka. Iringa husuka vikapu vya milulu. Ukambani na Ukikuyu ni kiondo. Kote huko kazi iko mikononi mwa wanawake, na kote huko swali la bei ni lilelile.

Mpaka wa jinsia nao una historia yake. Wanaume wa Ukamba walipoanza kuchonga vinyago kwa ajili ya soko, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uchongaji uliitwa biashara tangu mwanzo. Mwaka 1963 wachongaji walikuwa tayari na chama chao cha ushirika Mombasa. Wake zao waliobaki nyumbani wakisuka walionekana wanapitisha wakati. Ufundi wao ulikuwa mkubwa sawa na wa waume zao, ila haukuwa na daftari wala mwenyekiti.

Hesabu ya kiondo kimoja

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila msomaji aweke za kijiji chake.

Tuseme mama anasuka kiondo kwa siku 12, saa tatu kila siku, kati ya shamba, kuni, maji na jiko. Hizo ni saa 36. Amenunua mkonge na rangi kwa shilingi 200 za Kenya. Dalali anakuja na pikipiki siku ya soko, anachukua kiondo kwa shilingi 800. Ukitoa gharama, mama amebaki na 600. Gawanya kwa saa 36: ni chini kidogo ya shilingi 17 kwa saa. Dalali anakipeleka Nairobi, kinashonewa mikanda ya ngozi na bitana ndani, kinawekwa kwenye kioo cha duka. Bei ya pale hatuitaji, maana aliyepita mbele ya duka la namna hiyo anaijua, na aliyesuka hajawahi kupita.

Ni rahisi kusema kwamba dalali ni mwizi. Mara nyingine ni mwizi kweli. Lakini mara nyingi naye amelipa mafuta, kodi ya soko na hasara ya viondo vilivyokaa bila mnunuzi, na bila yeye kiondo kingebaki kimening'inia ukutani. Ubaya uko mahali pengine: mama anauza akiwa peke yake, siku anayohitaji fedha, kwa mtu mmoja tu aliyefika. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na dalali analijua hilo. Katika hali hiyo bei hutajwa na upande mmoja.

Papa Leo XIII aliiona hali hii mwaka 1891 katika Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au kwa kuogopa baya zaidi, kukubali kwake hakufanyi masharti hayo yawe ya haki. Ametendewa kwa nguvu. Wengi tunaikariri hati hiyo tukifikiria viwanda vya Ulaya. Ingefaa tuisome tukifikiria siku ya soko.

Sasa tuchukue mama yuleyule akiwa katika kikundi. Wananunua mkonge kwa jumla, gharama inashuka hadi 160. Wanakusanya viondo mia, wanampigia simu mnunuzi wa mjini, wanauza kila kimoja kwa 1,400. Kikundi kinabaki na asilimia 10, yaani 140, kwa ajili ya usafiri na simu. Mama anapata 1,260, anatoa 160, zinabaki 1,100. Kwa saa 36 ni karibu shilingi 31 kwa saa. Mapato yamekaribia kuongezeka mara mbili, naye bado ni maskini. Tunasema hivyo makusudi, kwa sababu katika mikutano ya maendeleo neno "kikundi" hutajwa kama dawa ya kila ugonjwa. Kikundi huongeza nguvu ya kujadiliana, lakini sehemu kubwa ya bei bado iko kwenye ngozi, bitana na kioo cha duka. Kikundi ambacho wanachama wake wawili watatu wamejifunza kushona ngozi kinauza bidhaa iliyokamilika, na hapo ndipo hesabu inapoanza kubadilika kwa dhati.

Umaarufu na wanaoiga

Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilivuka bahari. Kikawa mkoba wa wanawake wa mjini Ulaya, Marekani na Ujapani, na vijiji vingi vikapata fedha ambayo havijawahi kuiona. Baadaye viondo vya kuiga kutoka Asia vikaingia sokoni kwa bei ya chini, na maagizo yakapungua. Waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya mnunuzi mmoja wa ng'ambo ndio walioumia zaidi.

Hapa watu husema sana kwamba "kiondo chetu kiliibiwa hataza". Tuelewe maneno. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na ususi uliojulikana kwa vizazi si uvumbuzi mpya wa mtu yeyote. Kinachoweza kulindwa ni jina, alama, mchoro fulani, au sifa ya mahali bidhaa inapotoka. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zifidiwe utamaduni wao unapotumika, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Wasusi wa vikapu wa Taita walichukua njia ya alama ya pamoja: jina la kikapu likawa mali ya kundi lote la wasusi, si ya mfanyabiashara mmoja. Sheria haimzuii mtu wa mbali kusuka kikapu kinachofanana. Inamzuia asikiite kwa jina ambalo si lake. Si ulinzi mkubwa, lakini mnunuzi anayetaka kitu halisi anapata pa kukitambulia.

Msaada mwingine ulitoka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Watu walioacha vikapu vya mama zao kwa aibu ya kuonekana washamba walianza kuviulizia tena. Papa Fransisko alikuwa ameandika Laudato Si' mwaka 2015, akionya juu ya utamaduni wa kutupa. Kiondo cha mkonge kikizeeka hushonwa, kikishindikana kabisa huoza na kurudi udongoni.

Fedha iko kwenye simu ya nani?

Ukambani una desturi ya mwethya, watu kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao leo na ya mwingine kesho. Kwa nguvu hiyo yalichimbwa matuta yaliyookoa udongo wa Machakos, na sehemu kubwa ya jasho hilo lilikuwa la wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mjini. Kenya ya kati, katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake walichangiana mpaka kila nyumba ikaezekwa mabati, na vikundi vyao vikaitwa vya mabati. Leo tunasema chama, au mzunguko, na Tanzania vikoba. Ususi umeingia kwa urahisi katika vikundi hivi, kwa sababu mikono inasuka huku midomo ikijadili.

Ukambani ni nchi kavu. Mvua za vuli zikikosekana, hakuna mavuno ya kutegemea mpaka mwaka unaofuata, na katika miezi hiyo kiondo ndicho shamba. Mbuzi huuzwa kwa bei ya hasara wakati wa ukame kwa kuwa kila mtu anauza mbuzi, lakini kiondo kinachokwenda mji wa mbali bei yake haifuati mvua ya kijijini. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya mtoto kubaki shuleni na kurudi nyumbani.

Lakini kuwa na kazi na kuwa na sauti ni mambo mawili. Malipo ya simu yalipoanza Kenya mwaka 2007, mambo mengi yalirahisika, na pia lilizaliwa swali dogo ambalo tunamshauri kila frateri anayepelekwa kwa mwaka wa kichungaji alichunguze: katika orodha ya malipo ya kikundi, mbele ya jina la mama kuna namba ya simu ya nani? Ikiwa ni ya mume au ya mwana wa kiume, mama amesuka, na mwingine ameamua. Hatusemi kwamba mume hapaswi kujua. Nyumba yenye amani hupanga pamoja. Ila kupanga pamoja kunahitaji watu wawili wenye kitu mezani, na mama ambaye fedha yake haipiti mikononi mwake hana cha kupanga.

Kuna mzigo mwingine usiosemwa. Mradi wa ususi unapoingia, mara nyingi hakuna kazi inayotoka. Mama anaamka mapema zaidi, analala akiwa amechelewa zaidi, na wageni wanapiga picha wakisema amewezeshwa. Saa tatu za kusuka tulizozihesabu juu zimetoka wapi? Zimetoka kwenye usingizi wake. Katika nyumba ambamo baba na wavulana wamekubali kuteka maji na kukata kuni, ususi ni nafuu. Katika nyumba ambamo hawajakubali, ni utumwa wa pili wenye malipo kidogo. Jambo hili linahubirika, na linahubirika vizuri zaidi katika misa ambayo wanaume wamefika.

Maandiko na mafundisho

Somo maarufu la Methali 31 husomwa sana kwenye ndoa na misa za akina mama, na mara nyingi tunaishia kwenye sifa za mke mwema. Tulisome lote. Mwanamke yule anatafuta sufu na kitani, anasokota, anatengeneza nguo na kuziuza kwa wafanyabiashara. Anachunguza shamba na kulinunua, na kwa mapato ya mikono yake mwenyewe anapanda mizabibu. Na aya ya mwisho, ambayo wahubiri wengi huisoma kwa haraka wakielekea kwenye mahubiri, ni agizo: apewe matunda ya kazi ya mikono yake, na matendo yake yamsifu hadharani, langoni, mahali ambapo mambo ya mji yaliamuliwa. Kwanza mapato, kisha sifa. Sisi tumezoea kuanza na sifa na kusahau mapato.

Katika Kutoka 35, hema la Bwana linapojengwa, wanawake wenye ujuzi wanasokota kwa mikono yao nyuzi za rangi na kitani. Maandiko yanauita huo ujuzi. Katika Matendo 9, Tabitha wa Yopa anapokufa, wajane wanamzunguka Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea. Hawakumletea maneno ya kumsifu marehemu. Walimletea kazi yake aione. Naye Paulo, Matendo 18, alikaa na Akila na Prisila kwa kuwa walikuwa wa ufundi mmoja, kutengeneza mahema. Prisila ametajwa hapo pamoja na mumewe, fundi na mwalimu wa imani kwa wakati mmoja.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa sababu anayeifanya ni mtu, na kwamba ujira wa haki ndio kipimo cha kuujaribu mfumo mzima wa uchumi kama ni wa haki. Kwa kipimo hicho, shilingi 17 kwa saa inatuhukumu wengi: mnunuzi, dalali, mwenye duka, na pia parokia inayoomba mama watoe viondo vya harambee bure kila mwaka.

Mfano kutoka Rwanda

Hatuwezi kupita bila kuitaja Rwanda. Agaseke, kikapu chenye mfuniko uliochongoka, kimo katika nembo ya taifa hilo tangu 2001. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, nchi ilijaa wajane, na wanawake wengine ambao waume zao walikuwa gerezani kwa tuhuma za mauaji yaleyale. Katika vikundi vya ususi waliketi mkeka mmoja. Dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha mwaka 2004 kampuni ya Gahaya Links, na vikapu vya wasusi hao vikafika katika maduka ya Macy's ya Marekani. Vikaitwa vikapu vya amani.

Tunautaja mfano huu kwa tahadhari. Kikapu hakisamehe dhambi, wala fedha hairudishi wafu. Watu hawa wawili wangekutana kanisani na pengine wangeketi viti vya mbali. Ususi uliwapa sababu ya kuketi karibu kila siku, wakiazimana nyuzi, bila kulazimika kuzungumza kabla ya kuwa tayari. Anayejiandaa kuwa mhudumu wa upatanisho ana la kujifunza hapo kuhusu subira.

Parokia ifanye nini?

Tuanze na jambo dogo lililo mbele ya macho yetu kila Jumapili: vikapu vya sadaka. Katika makanisa mengi ni vya plastiki, vimenunuliwa dukani, na vinapitishwa mbele ya mama anayeweza kusuka kizuri kuliko hicho. Parokia yenye vigango vinane inahitaji vikapu vingi, pamoja na vya kubebea vipaji na vya kupambia altare. Vinunuliwe kwa wasusi wa Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, kwa bei iliyohesabiwa saa, na malipo yatolewe siku vinapopokelewa. Kumbukumbu la Torati 24 linaagiza ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijazama. Ofisi ya parokia inayomwambia msusi arudi wiki ijayo imeisikia aya hiyo ikisomwa.

Ndugu zetu Waanglikana wametutangulia katika jambo linalofanana na hili. Tangu miaka ya 1960, wanavijiji wa eneo la Masasi, kusini mwa Tanzania, wamekuwa wakisuka misalaba midogo ya majani ya mitende inayouzwa kwa makanisa ya Uingereza na Marekani kwa ajili ya Jumapili ya Matawi. Kazi ni ya msimu, mnunuzi anajulikana, na tarehe haibadiliki kwa ghafla, maana kalenda ya liturujia hutolewa mapema. Ni soko ambalo Kanisa lenyewe linaweza kulijenga.

Kwa mafrateri tuna maonyo mawili. La kwanza, msianzishe kikundi kinachowategemea ninyi. Mwaka wa kichungaji huisha, padre huhamishwa, na kikundi ambacho barua zake zote ziko kwenye simu ya frateri hufa siku anayopanda basi. Bora kutafuta kikundi kilichopo, hata kama ni cha wamama sita wanaobishana, na kuwasaidia kwa jambo moja wanaloliomba wao. Mara nyingi litakuwa daftari. Mfundisheni binti wa mmoja wao kuandika mapato na matumizi, na daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, ili hata asiyejua kusoma asikie jina lake na kiasi chake. La pili, msiwaletee mnunuzi mkubwa kabla hawajaweza kumtimizia. Maagizo ya viondo elfu kwa mwezi mmoja huwafanya watu wakope, wasuke ovyo, kisha mzigo urudishwe.

Kuhusu mabinti, shule zetu za parokia zinaweza kuwaalika nyanya wa Jumuiya mara moja kwa juma wawafundishe wanafunzi, wasichana na wavulana pia. Wengi wanaosuka vizuri sasa ni watu wazima sana. Nyanya huyo alipwe posho kama anavyolipwa mwalimu wa kwaya anayetoka mjini.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya: Katika Jumuiya yetu, ni nani wanaosuka, na tunawajua kwa majina? Kitu cha mwisho tulichonunua kwao tulikilipa bei gani, na kilichukua saa ngapi kukisuka? Namba za simu kwenye orodha ya kikundi ni za nani? Na vikapu vya sadaka vitakavyopita Jumapili ijayo, vimetoka wapi?